Mto wa Mti Ulioinama

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika nchi ya Waafari, kwenye jangwa la chumvi, aliishi mja mwema aitwaye Kadafo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kuchonga mito ya miti, ile ambayo wafugaji huilazia shingo ili nywele zao zisiguse mchanga.

Asubuhi moja ngamia wa mjane Momina hawakuonekana malishoni. Penye nyayo zao uliokotwa mto wa mti, na jirani na hapo akakutwa mpita njia, mtu mgeni. Akafungwa kamba, akaletwa mbele ya wazee.

Mto ule ukapita mikononi mwa watu. Kila aliyeulalia aliinuka akisugua shingo.

“Mbona umeinama upande?” Momina akauliza. “Fundi gani huyu?”

Watu wakacheka, ila Kadafo. Aliuchonga yeye, kwa ajili ya mwanawe wa pekee, Laita, aliyepinda shingo tangu siku aliyopigwa teke na ngamia. Naye Laita hakuwa amerudi kambini tangu jana. Nafsi ikamwambia: nyamaza, huyu mgeni hana wa kumlilia. Akamtazama mgeni, midomo yake ilikuwa ikitamka shahada.

“Astaghfirullah!” Kadafo akasimama. “Fundi ni mimi, bibi. Mto ni wa mwanangu. Mfungueni huyu mja wa Mungu, mnifunge mimi hadi Laita apatikane.”

“Kadafo,” mkuu wa wazee akasema, “adhabu ya mwizi unaijua?”

“Naijua. Na Mola wangu anajua nisiyoyajua.”

Akafungwa. Akakaa juani akijiuliza ni wapi alipomlea mwanawe vibaya.

Karibu na alasiri vumbi likatimka. Laita alikuja akiwaswaga ngamia wote, nyayo zimempasuka.

“Baba! Nani kakufunga? Wezi waliwachukua hawa nikiwa nimelala karibu nao. Nilikurupuka nikawafuata, hata mto wangu sikuukumbuka. Walipopitiwa na usingizi, nikawarudisha ngamia.”

Kadafo akaporomoka akasujudu, kamba ingali mikononi. Momina ndiye aliyeifungua, huku akilia.

Enyi ndugu, wengi wetu husema kweli tukishaona itatufaa. Kadafo aliisema akiamini itamnyang’anya mwana. Mungu atujaalie ulimi wa namna hiyo.