Kigoda cha Mwongo

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana kipigo cha mke hakina mwaka, palikuwa na kijiji kilichopenda pombe ya mtama kuliko mvua. Waliopika ni wanawake. Na desturi ilikuwa hivi: mpikaji anywe kwanza, kata nzima kwa kila mtungi, wanywaji wakimtazama, ili wajue hakutia sumu. Mitungi saba, kata saba. Kisha kijiji hicho hicho kikawaita wanawake hao walevi. Cheka, wewe wa nyuma, cheka tu.

Nyanzala alikuwa mpikaji. Alianza kwa kuonja, akaja akanywa kwa hamu yake mwenyewe, sitawadanganya. Zikafika siku anakunywa kabla moto haujawashwa. Mumewe, Ngasa, alikuwa na kigoda barazani, na nyumbani alikuwa na ngumi. Alimpiga akiwa amelewa, alimpiga akiwa hajalewa. Kila Nyanzala alipokwenda kushtaki, wazee walimnusa mdomo kwanza, kwa sababu baraza halikumsikiliza mwanamke anayenuka pombe. Wao wenyewe wametoka mtungini. Nyani haoni kundule.

Mwaka mmoja Ngasa akamvunja mkono kwa mchi wa kutwangia. Akatangaza kwamba mkewe ameanguka kwa ulevi. Kijiji kikaitikia, ameanguka.

Jirani yake Holo hakuitikia. Holo naye alikuwa mpikaji, naye alipigwa mpaka mume akafa, ndipo akapumzika. Aliacha kupika ili aache kunywa, na sasa alikuwa na miezi minane hajagusa tone. Enzi zile anapigwa, Nyanzala alikuwa akimchotea pombe mume yule na kunyamaza. Holo hakusahau. Hata hivyo alikwenda, akamwambia: "Mkono umevunjika, hakuna atakayeuliza nikikupikia. Siku saba mpaka baraza likae. Kata zako nitazinywa mimi. Wewe uende huko na mdomo mkavu, wakose kisingizio."

Nyanzala akamkumbusha ile miezi minane. Holo akasema anaijua, ameihesabu yeye.

Siku ya kwanza Holo akanywa kata saba. Siku ya pili, saba. Siku ya tatu hakungoja wanywaji wafike. Siku ya saba alikutwa amelala jikoni kwenye majivu. Na Nyanzala siku hizo alitetemeka, akatapika, akaona wadudu ukutani ambao hawakuwepo. Siku ya nane akaamka kichwa kimetulia na miguu inamtii.

Asubuhi hiyo Ngasa akamnusa, akakuta hanuki. Akachota kata ya pombe, akammwagia kuanzia utosini. Bi Minza, mama yake Ngasa, aliona. Alikaa nyumba ile miaka tisa akisikia kila kipigo na kujifunika shuka. Akarudi ndani, akajifunika tena.

Barazani wazee wakanusa, wakamwambia Nyanzala arudi nyumbani. Nyanzala hakuondoka.

"Leo sikunywa, nimemwagiwa," akasema. "Lakini sitajitetea kwa hilo. Siku niliyovunjwa mkono nilikuwa nimelewa chakari. Nilikunywa mimi, mkono haukunywa. Na kesho nikinywa tena, mkono bado utakuwa wangu. Ninanuka, ndiyo. Nisikilizeni hivi hivi ninavyonuka."

Ngasa akala kiapo kwa mababu kwamba hakumgusa. Hapo Bi Minza akainuka.

"Mwanangu anasema uongo. Mchi ni wangu. Nilisikia mfupa ukivunjika, nikajifunika shuka."

Siku ile ile ukoo mzima ukamfungia milango. Hakuwa tena na mwana wala pa kulala.

Sasa, sheria ya baraza ilisema hivi: anayeapa uongo hunyang'anywa kigoda, na kigoda hupewa aliyemuumbua. Wazee hawakuwahi kuota kwamba huyo angekuwa mwanamke. Wakatazamana. Mmoja akasema basi apewe Bi Minza, yeye angalau hanywi. Nyanzala akamcheka usoni.

Bi Minza akasema ni chake, lakini si kwa sababu hanywi. Bila yeye kiapo kingesimama, na amemtoa mtoto wake wa pekee.

"Mama," akasema Nyanzala, "maneno hayo ulikuwa nayo miaka tisa. Yametoka leo kwa sababu mimi nimekataa kuondoka."

Holo alikuwa ameegemea nguzo, ulimi mzito. "Umekataa kuondoka kwa miguu ya nani? Bila mimi ungekuwa umelala hapo chini. Mmoja amepata sauti, mwingine amepata moyo. Miezi yangu minane nani atanirudishia?"

Wazee wakasema mlevi hakalii kigoda. Nyanzala akawauliza Ngasa alikuwa akikikalia akiwa amekunywa nini, maziwa? Wakakohoa.

Bado wanabishana, akatokea Limi, mke wa mmoja wa wazee wale wale. Jicho limevimba, anayumba, ananuka pombe tangu mbali. Amekuja kushtaki. Na baraza halisikilizi kesi kigoda kimoja kikiwa wazi.

Haya, nyinyi mliomaliza karanga zangu, jibuni, na asininuse mtu mdomo kwanza. Yupo Bi Minza aliyemtoa mwanawe, akiwa amechelewa miaka tisa. Yupo Holo aliyeitoa miezi yake minane, na hadi leo anakunywa. Yupo Nyanzala aliyesema huku ananuka, yeye aliyenyamaza mwenzake alipopigwa. Limi amesimama pale, damu inamchuruzika puani. Je, nani alistahili kukikalia na kumwambia, sema, tunakusikiliza?