Dobi Aliyetaka Kumkamua Sultani

Hapo zamani, wakati masultani walikuwa wengi kuliko kazi za kuwapa, palikuwa na mji uitwao Kumbwe, na Sultani wake akiitwa Ngwali. Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alipenda bendera. Wenziwe walipenda farasi, wengine walipenda wake za watu, yeye alipenda bendera. Yake ilikuwa ya kitambaa cha manjano, katikati pana jogoo mwekundu aliyefumbua mdomo, na Sultani kila akiitazama machozi humlengalenga kama bibi harusi.

Basi ikawa siku moja, kwa kukosa shughuli, akatoa amri, na mpiga mbiu akapita mitaani na pembe yake: "Sikilizeni, enyi watu wa Kumbwe! Tangu leo bendera ni Sultani na Sultani ni bendera, hapana tofauti baina yao hata ya uzi mmoja. Atakayeigusa amemgusa Sultani. Atakayeidhuru amemdhuru Sultani, naye atafanywa kama alivyofanya!"

Watu wakaitikia naam, maana kuitikia ni bure. Tabu ikaanza jioni ileile. Upepo ukaipasua bendera ya sokoni, askari wakabaki kutazamana, hawajui wamfunge nani. Kunguru akatua juu ya bendera ya msikitini, akafanya haja yake akaondoka zake, akahukumiwa kifo naye hayupo. Mbuzi wa muuza makaa akatafuna pindo, akatiwa gerezani siku tatu, akatoka amenenepa, kwa kuwa gerezani walimlisha na nyumbani hakuna aliyemlisha.

Sasa palikuwa na Waziri, mtu mwembamba mwenye maneno manene, naye ndiye aliyeona faida ya amri ile. Kila alichokitamani alikichomekea bendera. Hapana awezaye kuigusa bendera, basi hapana awezaye kukitumia kitu. Akachomeka kwenye shamba la minazi la watu, minazi ikawa yake. Akachomeka kwenye mlango wa kasri, ikaziba njia yote kama pazia, watu wenye mashtaka wakakoma kuingia, naye akapata kulala mchana. Mwisho akaenda kwenye kisima cha Kitongani, kisima pekee cha maji matamu mjini, akaitandaza bendera juu ya mdomo wake kama kawa juu ya wali. Askari wake peke yao walipewa ruhusa ya kuifunua, nao walichota asubuhi na jioni, wakanyweshea mawaridi ya Waziri.

Karibu na kisima alikaa Bi Mize binti Usi, mfinyanzi, mjane, mwenye ulimi wa kukatia nyama. Na mfinyanzi asiye na maji ni mtu aliyekaa na kichuguu. Siku ya kwanza udongo wake ukakauka. Siku ya tatu watoto wa mtaa wakawa wanalamba mitungi. Siku ya tano Mize akatoka mchana kweupe, watu wanamtazama, akaibandua bendera kisimani, akaenda nayo mpaka kwenye tanuri lake, akaitia moto. Ilipowaka vizuri akapanda juu ya kinu kilichofudikizwa, akapaza sauti, akasema maneno mawili. Maneno gani, ngojeni. Hata Sultani alingojeshwa. Askari wakamvamia hapohapo, naye aling'ata wawili kabla hawajamfunga.

Waziri akasoma hukumu: "Mize binti Usi amemchoma Sultani. Kwa kuwa amri imesema mkosaji afanywe kama alivyofanya, atachomwa uwanjani siku ya Ijumaa baada ya sala."

Habari zikamfikia Faki Mapovu, dobi wa mji. Faki hakuwa na kitu duniani ila jiwe la kufulia, karai lililotoboka na kuzibwa kwa nta, na pasi ya makaa iliyofungwa mpini kwa kamba. Alikuwa amemposa Mize mara saba, akakataliwa mara saba, na ile ya saba alijibiwa kwa mchi. Aliposikia, akaiacha kanzu ya Kadhi ndani ya dimbwi la maji ya chumvi, akakimbia. Alipofika kasrini hakupita mlangoni penye bendera. Akaparamia ukuta, akaangukia barazani mbele ya Sultani, mapovu yamemjaa hadi viwikoni.

"Assalaam aleikum, Bwana wangu. Nimekuja kumwombea Mize."

"Waaleikum salaam. Mize ni nani wako?"

"Si mtu wangu, Bwana. Si kwamba sikujaribu."

Baraza likacheka. Sultani naye akatabasamu kidogo, kisha akakumbuka kuwa amekasirika.

"Ewe Faki," akanena, "wewe si ndiye ujisifuye sokoni kuwa halijazaliwa doa usiloweza kulitoa? Haya, doa lako hili hapa." Akaagiza sahani ya majivu, ikaletwa. "Hii ndiyo bendera yangu. Irudishe, ifuliwe, ipigwe pasi, niione Ijumaa baada ya sala. Ukiweza, Mize yu huru. Usipoweza, mtachomwa pamoja."

"Nimekubali, Bwana wangu. Naye akikubali kukaa nami, hata motoni, hiyo ni hatua."

Mize alikuwa kwenye minyororo pale pembeni. "Sikubali!" akapiga kelele. "Nichomeni peke yangu!"

Basi Ijumaa ikafika, watu wakatoka msikitini wakajaa uwanjani. Kuni zimepangwa, Mize amefungwa juu yake, anawatukana wapanga kuni kwa kuzipanga vibaya. Sultani ameketi kwenye kiti chake chini ya mwavuli, Waziri kulia, Jemadari Vuai kushoto. Huyu Jemadari alikuwa mzee wa jicho moja, jingine aliliacha vitani. Mara akatokea Faki anasukuma mkokoteni, na juu yake pana lile jiwe la kufulia, karai la maji ya chumvi, vipande vinne vya sabuni, bakuli la wanga wa muhogo, kamba ya kuanikia, na pasi inayofuka moshi.

"Bendera yangu iko wapi?" Sultani akauliza.

Faki akatazama juu, akatazama chini, akamtazama Sultani, akaanguka kifudifudi kwa furaha.

"Alhamdulillahi! Hii hapa! Nami nilidhani imeungua, kumbe nzima, imeketi kitini, imevaa kilemba, na inapumua!"

"Umerukwa na akili?"

"La, Bwana wangu. Mimi ni dobi, sikusoma, nafuata amri kama ilivyotangazwa. Bendera ni Sultani na Sultani ni bendera, hapana tofauti hata ya uzi mmoja. Wewe upo, basi bendera ipo. Umeniamuru niilete, imekwisha kuja yenyewe. Imebaki kufuliwa na kupigwa pasi." Akamsogelea, akamkagua ndevu kwa jicho la kazi. "Mchuzi wa jana huu. Utatoka. Askari! Mmoja ashike miguu, mmoja mabega, tuilowekeni."

Askari wawili wakatazamana. Amri ni amri, na hii ilikuwa ya Sultani mwenyewe. Wakamshika.

"Niacheni!" Sultani akapiga kelele, kiatu kimoja kimekwisha kuruka. "Mwataka kunifanya nini?"

"Desturi tu, Bwana wangu. Kwanza sabuni. Kisha jiweni mara arobaini, pu! pu! pu! Bendera zako ndivyo nizifuavyo, kwa sababu ya kunguru. Halafu tutaikamua, huyu atazungusha kuume, mimi kushoto. Halafu wanga, ili isimame vizuri. Halafu kambani, kichwa chini, mpaka alasiri. Pasi mwisho." Akaichukua pasi, akaitemea mate, ikasema chaaa.

Watu wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha mstari mzima, kisha wanawake wakapiga vigelegele. Mize juu ya kuni akaita, "Na makwapani, Faki! Usisahau makwapani!"

Ikawa wamemwinua Sultani juu ya karai, ncha ya kanzu imegusa maji, ndipo akalia kwa sauti ya kusikika mpaka mji wa pili: "Mimi si kitambaa! Mimi ni mtu!"

Faki akaiweka pasi chini polepole.

"Rudia, Bwana wangu, nyuma hawakusikia."

"Mimi ni mtu! Bendera ni kitambaa! Niwekeni!"

Wakamweka. Faki akasema kwa adabu nyingi, "Basi Mize hakumchoma mtu. Amechoma kitambaa, na afanywe kama alivyofanya: achomewe kitambaa chake kimoja. Ana kanga kuukuu, mimi naijua, haina hasara."

Waziri akaruka. "Bwana wangu, usidanganywe! Hata ikiwa kitambaa, kuichoma bendera ni kosa kubwa!"

"Kosa kubwa, Bwana Waziri?" Faki akauliza. "Basi nipandisheni nami juu ya kuni. Mimi nimechoma kumi na nne."

Sultani akashtuka. "Kumi na nne?"

"Zilizochakaa, Bwana wangu. Kila mwaka kasri huniletea, nizichome zisije zikawa matambara ya kudekia. Na Waziri huyu hunipa pishi ya mtama na kuniambia nimefanya jambo la heshima. Moto ni uleule, kitambaa ni kilekile, jogoo ni yuleyule. Mimi napewa mtama, Mize anapewa kuni."

Sultani akafikiri, na kufikiri kwake kulionekana usoni, kwa kuwa hakukuzoea. "Sasa tofauti iko wapi?"

"Mimi huchoma nimenyamaza, Bwana wangu. Yeye alichoma akasema. Basi kesi hii si ya moto wala ya kitambaa. Ni kesi ya maneno, nayo umeikata hujayasikia."

"Kweli," Sultani akasema. "Waziri, alisema nini?"

"Machafu, Bwana wangu. Hayafai masikioni mwako."

"Mize! Ulisema nini?"

Mize akamtazama kutoka juu ya kuni. "Nilisema: Tuna kiu."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Yalikuwapo mengine, nikazibwa mdomo. Ukitaka niyamalize..."

"La, la, yametosha. Kwa nini hukuja kuniambia barazani kama watu?"

"Nilikuja mara tatu. Mlangoni kwako pana bendera kama pazia. Nikipita nimekugusa, nisipopita hunisikii. Nikaona niiwashe moja, labda utauona moshi."

Hapo Jemadari Vuai akasimama, na watu wakamnyamazia, kwa kuwa alipendwa. "Bwana wangu," akanena, "nimecheka na wenzangu. Lakini kwangu kile si kitambaa tu. Jicho langu nililitoa chini yake, na ndugu yangu tulimzika nayo. Nilipoiona inaungua niliumia."

Mize akapunguza sauti, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Najua, Jemadari. Jeraha lako nililiosha mimi. Lakini waambie hawa, siku ile adui alikuja kuteka nini?"

"Kisima," Jemadari akajibu.

"Kipi?"

"Cha Kitongani."

"Na leo maji yake anakunywa nani?"

Jemadari akamgeuzia Waziri jicho lake lililobaki, na jicho lile moja lilitosha. "Mawaridi," akasema.

Kisha mzee yule akapanda juu ya kuni, akamfungua Mize kamba kwa mkono wake.

Sultani akatazama kiatu chake kilichorukia kwenye karai, kinaelea. Akamtazama Faki na pasi yake. Mara akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia puani, na watu walipoona imeruhusiwa wakaangua kicheko upya.

Alipopata pumzi akasema, "Sikilizeni, na mpiga mbiu asikilize. Bendera yangu nitaipenda vilevile, na aipendaye aipende pamoja nami. Lakini mtu akiichoma ili asikiwe, asishikwe wala asipigwe. Askari amwulize, Una nini? kisha aje aniambie, hata nikiwa nakula. Na asiyefurahi kuiona inaungua, naye aseme, midomo ipo. Ila kila mtu achome yake, asichome ya mwenziwe."

"Na hiyo niliyochoma mimi?" Mize akauliza.

"Ilikuwa juu ya kisima chako. Ihesabu kuwa yako. Wewe Waziri, ondoa bendera mlangoni, kisha uchukue mtungi. Utawachotea maji watu wa Kitongani, nyumba kwa nyumba, mpaka mawaridi yako yanyauke."

Waziri akauchukua mtungi, na Mize akamwonyesha namna ya kuubeba, maana alikuwa anaushika kama mtoto wa watu.

"Nawe Faki, omba utakalo."

Faki akageuka, akapiga magoti, si mbele ya Sultani. "Mize, hii ni ya nane."

Mize akajipangusa vumbi la kuni, akamtazama tangu nywele hadi nyayo.

"Nitafikiri," akasema.

Faki akalia kwa furaha. Kwa mara zote saba hakuwahi kulisikia neno hilo. Ndipo akaikumbuka kanzu ya Kadhi, tangu Jumanne imo majini. Akaenda akaikuta imeota ukungu, na Kadhi amesimama kando yake. Lakini hayo ni ya wao wawili.

Na Sultani, kwa kuwa amekwisha kuruhusu, alitazamia mji wote utawaka. Akakaa dirishani wiki nzima anatafuta moshi. Mwaka ule haikuchomwa bendera hata moja. Si kwa hofu. Maji yalikuwapo, na mlango ulikuwa wazi.

Hekaya yangu naianua kambani hapa, imekwisha kukauka. Aliyeipenda aikunje aende nayo, na asiyeipenda karai lile pale, aifue upya.