Joka Lililokunywa Homa

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na nini?

Pakawa na moto.

Moto ukaenda wapi?

Ukanywewa. Tuambie ulinywewa na nani.

Basi sogeeni. Na wewe uliyekaa mlangoni, usiufunge huo mlango. Kabla sijamaliza utajua kwa nini.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo mawe yenyewe yalikuwa bado laini, kulikuwa na nchi iitwayo Mafundo. Waliishi humo watu, wakaishi humo majoka. Najua mnachowaza. Mnawaza joka la kutema moto na kumeza watu wazima wazima. Hapana. Majoka ya Mafundo hayakutema moto. Yaliunywa.

Joto ndilo lililokuwa chakula chao. Asubuhi ya ukungu yalishuka kutoka mapangoni, joka moja kwa kila kijiji, yakapita kimya kati ya nyumba. Yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele, marefu kupita uzio wa shamba, na hayakuwa na macho. Nyasi zililala yalipopita, zikainuka baadaye zikiwa baridi. Ukiamka ukakuta mafiga yako ya uani hayana joto, na mfuo mrefu umepita katikati ya majivu, ulijua kwamba joka lilikuja kunywa.

Na penye homa, joka liliingia ndani. Lililaza kinywa kifuani pa mgonjwa, likanywa ule moto wa homa polepole, kama mtu anywaye uji wa moto. Lilipoondoka, mgonjwa aliomba chakula.

Lakini nimesema halina macho. Joka halikujua joto la homa linaishia wapi na joto la uhai linaanzia wapi. Kwa hiyo watu wa Mafundo walikuwa na desturi yao. Mwenye mgonjwa aliacha mlango wazi. Aliweka kaa la moto juu ya gae la chungu, pale kizingitini, joka lijue kwamba linaitwa. Kisha alikaa akitazama ukuta, asigeuke, akawa analitaja jina la mgonjwa bila kukatiza. Joka likilisikia jina lilijua kwamba huyu ana watu wake, na lilinywa homa likaacha uhai. Halikudai kuku wala halikungoja asante.

Sasa, katika kijiji kimoja alikuwapo mwanamke mfinyanzi, jina lake Siwatu. Alikuwa na binti mmoja, Kidawa. Mume hakuwa naye tena. Alishikwa na homa, joka likaitwa kwa kuchelewa, na mtu yule akakata roho joka likiwa bado limelaza kinywa kifuani pake. Siwatu alikuwa ukutani akitaja jina. Alihisi ile baridi mgongoni, akageuka, akakuta mumewe amekwenda. Tangu siku hiyo hakuipenda baridi ya joka.

Na joka lilimfaa kila juma, mjue. Alipochoma vyungu shimoni, joka lilikuja kunywa joto lililobaki, kidogo kidogo, vyungu vikapoa bila kupasuka. Lakini jambo likikufaa kila juma unalizoea, ukishalizoea hulioni.

Aliyeliona alikuwa Nguchiro. Joka lilipenda kujilaza kando ya mabanda ya kuku. Halikunywa joto la kuku wanaoatamia, lililisikia tu, kama mtu anayepita jikoni kwa jirani akavuta harufu ya mchuzi. Likiwa pale, Nguchiro hakuthubutu kuingia. Alikuwa amekonda, mbavu zake unaweza kuzihesabu.

Siku moja Nguchiro akaja kwa Siwatu.

"Hodi, Mama Kidawa."

"Karibu, Nguchiro."

"Sikai. Nina swali moja tu. Siku ile marehemu mumeo alipokata roho, nani alikuwa kifuani pake?"

"Joka."

"Haya. Mimi sijasema kitu." Akaenda zake.

Siku ya pili akaja tena.

"Hodi, Mama Kidawa."

"Karibu, Nguchiro."

"Kwa jirani yako Bi Mashavu walipougua, ukungu ulipoondoka, mfuo wa nani ulionekana mlangoni?"

"Wa joka."

"Mimi sijasema kitu." Akaenda zake.

Siku ya tatu akaja, akakaa kabisa.

"Mama Kidawa, umepata kuliona joka likiingia nyumba isiyo na homa?"

Siwatu akaacha kufinyanga. Akafikiri. "Sijapata kuliona."

"Penye homa pana joka. Joka likiingia ndani, pana homa. Kikulacho ki nguoni mwako. Na katika kijiji hiki mwenye udongo ni wewe."

Mnamwona? Hakusema uongo hata mmoja. Alilolisema lote lilikuwa kweli, ila alilipanga kichwa chini miguu juu.

Siwatu akabeba udongo. Siku ya kwanza alibeba, siku ya pili alibeba, siku ya tatu alibeba. Bi Mashavu alimkuta njiani na kapu kichwani.

"Siwatu mwanangu, unakwenda kufanya nini huko pangoni?"

"Nakwenda kuziba."

"Wazee wetu hawakuziba."

"Wazee wetu hawakukaa karibu na mume wangu asubuhi ile, Bi Mashavu. Mimi nilikaa."

Bi Mashavu akasogea kando. Mtu akiwa na msiba unamwachia njia, na watu wote wa kijiji walimwachia njia.

Jua la utosi, joka likiwa limelala, Siwatu aliziba mdomo wa pango kwa udongo, unene wa mkono mzima. Akarundika kuni na samadi, akachoma. Ule udongo ukawa mwekundu, ukawa mgumu, ukawa chungu kimoja kikubwa na joka ndani yake. Hakusikia sauti yoyote. Alirudi nyumbani akaoga, akala, na siku hiyo akalala vizuri.

Ukungu ukashuka, na ndani yake hapakupita kitu.

Kwanza moto ulikataa kufa. Uliyafunika makaa jioni ukayakuta asubuhi yamekutolea macho. Kisha vyungu vya Siwatu vikaanza kupasuka shimoni, kimoja kimoja, pa! pa!, hata kijiji kizima kikaingiwa na hofu ya ile sauti. Kisha kuku wakapungua. Nguchiro akanenepa, shingo ikapotea.

Kisha homa ikaja, bila joka.

Alishikwa Makungu mfuma mikeka. Watu wake wakaweka kaa kizingitini, wakakaa wakitazama ukuta, wakataja jina lake asubuhi nzima. Hakuna aliyeingia. Makungu akafa.

Akashikwa Tatu, mkewe. Wakaweka kaa, wakatazama ukuta, wakataja jina hadi sauti zikakauka. Hakuna aliyeingia. Tatu akafa.

Akashikwa Bi Mashavu. Nyumba yake na ya Siwatu zilitenganishwa na uzio tu, kwa hiyo Siwatu alisikia yote. Mashavu, Mashavu, Mashavu. Aliziba masikio kwa viganja vyenye udongo, na bado alisikia. Adhuhuri sauti ikakoma, kikaanza kilio.

Siku ya nne alishikwa Kidawa.

Mtoto alikuwa wa moto hata ukimshika unaondoa mkono. Siwatu akafungua mlango. Akaweka kaa juu ya gae. Mwenyewe, ndiyo, yeye aliyeziba, alikaa akatazama ukuta akaanza kutaja: Kidawa, Kidawa, Kidawa. Maana mtu akifikwa huita hata yule aliyemfungia mwenyewe.

Ukungu ukaingia mlangoni. Akasikia kitu kinapita juu ya kizingiti, polepole, kikavuta pumzi nyuma yake. Moyo ukamruka kwa furaha. Akasubiri ile baridi. Baridi haikuja. Akageuka.

Alikuwa Nguchiro, ana unyoya wa kuku mdomoni.

"Unamwita nani, Mama Kidawa? Si ulimzika mwenyewe?"

Siwatu akamtazama. "Nguchiro, joka halipo. Homa hii imetoka wapi?"

"Mimi," akasema Nguchiro, "sijasema kitu."

Hapo ndipo Siwatu alipoelewa, na kuelewa kule kulimuuma kuliko msiba wa mumewe. Alichukua mchi wa kinu akakimbia.

Mbele ya pango palikuwa kimya. Hata nzi hakupita. Siwatu akaweka sikio kwenye ule udongo alioufinyanga, akasikia mle ndani kuna kitu kinanong'ona.

Kilikuwa kinataja majina.

Kilitaja majina ya watu waliokwisha kuwa wazee, majina ya watoto, jina la mume wake. Kila jina lililotajwa ukutani tangu kijiji kijengwe, joka lilikuwa nalo, na mle gizani lilikuwa linayarudia yasipotee. Akasikia Siwatu, Siwatu, kwa lafudhi ya mama yake mzazi, alivyomtaja yeye akiwa mchanga wa miezi saba. Kisha akasikia mengine, na haya joka liliyataja kwa haraka, kama mtu anayegonga mlango: Makungu. Tatu. Mashavu. Liliwasikia wote watatu wakiitiwa, kupitia mlima, nalo limefungwa.

Kisha likasema: Kidawa.

Siwatu akavunja. Alipiga mchi mara ya kwanza, ukatoka ufa. Akapiga mara ya pili, likaanguka gae. Mara ya tatu pango likafunguka, ikatoka baridi iliyomkata pumzi. Joka lilikuwa pale, limekonda kama ukambaa wa kufungia mzigo, haliwezi hata kuinua kichwa. Lilikuwa na njaa ya siku nyingi.

Siwatu aliogopa. Tusimpambe, aliogopa sana. Kiumbe kile kingekunywa lolote lenye joto, na hapo palikuwa na mtu mmoja tu mwenye joto, na hapakuwa na wa kukaa ukutani kumtajia jina lake. Nani angeliambia joka kwamba sasa basi?

Lakini Kidawa alikuwa anaungua. Siwatu akageuza mgongo kama desturi inavyotaka, akanyoosha mikono nyuma.

Joka likaweka kinywa viganjani, likanywa. Vidole vikafa ganzi. Likanywa. Viwiko vikafa ganzi. Likanywa, baridi ikapanda mabegani ikielekea kifuani, na Siwatu akawaza, haya, ni haki yangu.

Joka likasema, "Siwatu."

Likaacha.

Hakuna aliyelitajia. Lilimkumbuka lenyewe.

Wakashuka pamoja, yeye mbele, lenyewe nyuma, nyasi zikilala. Kizingitini wakamkuta Nguchiro, shibe imemzuia kukimbia. Joka likapita juu yake. Hakuna aliyelitaja jina lake, lakini joka la Mafundo haliui, likaonja tu tumbo lake likaendelea. Ndiyo maana hadi leo Nguchiro husimama asubuhi kwa miguu miwili, tumbo ameligeuzia jua, na macho huku na huku. Bado anatafuta joto lake.

Ndani, Siwatu alikaa ukutani akataja jina bila kukatiza. Baridi ikaja, ikakaa, ikaondoka. Kisha mtoto akasema nyuma yake, "Mama, kuna uji?"

Kwa hiyo mtoto alipona. Lakini msinyanyuke, haijaisha.

Mikono ya Siwatu haikupata joto tena, na mfinyanzi yeyote mtakayemshika mkono mtaikuta baridi ile. Hilo si kitu. Kitu ni kwamba kila asubuhi ya ukungu joka lilishuka, na kabla ya kunywa popote lilisimama mlangoni kwa Makungu, likasema, Makungu. Likangoja. Likasema, Tatu. Likangoja. Likaenda mlangoni kwa Bi Mashavu likasema, Mashavu. Waliliita, nalo halikuja, na halikujua kwamba muda umepita. Halina macho, nimesema. Halioni kaburi.

Hapo ilimbidi mtu atoke aliambie. Siwatu ndiye aliyetoka. Kila asubuhi ya ukungu, maisha yake yote, alisimama amelipa joka mgongo, akasema, "Nenda, bwana. Hawapo. Ni mimi niliyekufungia."

Joka likasikiliza, likaondoka. Na ukungu uliofuata likarudi kuuliza.

Wanangu, aliyeonekana penye moto huenda ndiye aliyeleta maji. Uliza kwanza alibeba nini mkononi, usije ukamfungia msaidizi ukabaki na ugonjwa. Na anayekuambia kweli nusu kisha akasema hajasema kitu, mtazame mdomoni, utaona unyoya.

Ngano yangu ilikuwa chungu, nacho nimekipasua hapa mbele yenu. Gae zuri okoteni mkawekee kaa. Gae baya niachieni mwenyewe, nitalikanyaga nikirudi. Sasa mlango waweza kufungwa, ila muache ufa.