Mkonde wa Mzee Shemkai

Zamani, msitu ulipokuwa bado unafika mlangoni mwa watu, tajiri Mzee Shemkai alimchukua mbuzi wa pekee wa Bi Zelubia kwa kosa la kula kabichi zake.

"Mnyama akila shamba, mwenyewe hulipa," alisema.

Hakutosheka. Matunda ya manjano ya mkonde, mti wa porini uliopendwa na watu na wanyama, yalipoiva kule msituni, aliuzungushia uzio mti ule uliokuwa wa kijiji kizima.

Bi Zelubia alimwendea pamoja na wazee wawili, akapiga goti.

"Shikamoo, Mzee. Wakorofi wanasema shina tu ndilo lako."

"Marahaba. Waongo hao! Shina langu, matunda yangu!"

"Na vilivyo matawini?"

"Kila kilicho juu ya mti ule ni changu, hata mdudu! Atakayegusa atanitambua!"

"Wazee mmesikia," alisema Bi Zelubia kwa upole. "Mimi ni nani nibishe?"

Siku ya tatu alirudi na wazee wale wale, mkononi ana gunzi tupu.

"Mzee, kima wako wameshuka kutoka kwenye mti wako, wamemaliza mahindi yangu."

"Kima ni wa Mungu!"

"Walikuwa wa Mungu mpaka juzi. Mbuzi mmoja alikula kabichi tatu, ukamchukua. Kima wako ni arobaini. Tuanzie zizini au ghalani?"

Shemkai aliwatazama wazee. Wazee walikuwa wanalitazama zizi.

Jioni ile mbuzi alirudi kwao, akivutwa kwa kamba iliyofunguliwa kwenye uzio wa mkonde.