Tonge la Pangoni

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Mmeitikia kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na pango, pangoni mna maji, na kwenye maji mna wenyewe. Haya, aliye na kitu mdomoni akimeze sasa hivi. Nikishaanza sitaki kumsikia mtu anatafuna.

Hapo zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwasikia, palikuwa na mwanamke akiitwa Mize. Alikuwa na binti mmoja, Zuwena, wa miaka saba. Huyo huyo mmoja, hakuwa na mwengine mbele wala nyuma. Na Mize alikuwa mtu wa adabu, adabu hasa! Kila siku akimwambia mwanawe, "Ukikaribishwa chakula, usikatae. Onja japo tonge moja. Kukataa ni kumdharau mwenye nyumba."

Zuwena akasikia, akashika.

Siku moja, jua la utosi, Zuwena akaenda pangoni kuteka maji, pale pale kilipoteka kijiji kizima. Hakurudi. Adhuhuri ikapita, hakurudi. Alasiri ikaingia, hakurudi. Mize akatoka mbio bila hata viatu. Akaukuta mtungi ukingoni, umejaa maji pomoni, mwenyewe hayupo.

"Zuwena! Zuwena wee! Mwanangu!"

Juu ya mti akaitikia komba. "Usijichoshe, mama. Hakusikii. Majini wa chini wamemkaribisha, naye amekula."

Mize akakaa chini pu!

"Anayekula chakula chao husahau kwao," komba akasema. "Na jua likizama, mlango wa pango hujifunga. Kama unamtaka mwanao, mfuate sasa. Lakini usile, mama. Usionje, usilambe hata kidole. Mimi nami nilikuwa mtoto wa mtu. Mama yangu alinifuata, wakamkaribisha, akaona haya kukataa, akala, ndipo nikageuka komba. Laiti angekosa adabu siku ile moja tu!"

Komba akalia. Ndiyo maana hadi leo ukimsikia komba akilia utadhani mtoto mchanga.

Mize akajifunga kibwebwe, akaingia.

Akateremka, akateremka, akateremka. Jamani, aliyoyaona huko! Pango lile dogo lilikuwa limepanuka likawa kama mji. Mchanga mweupe pe, taa zinawaka hazina mafuta wala utambi, na watu warefu, wazuri, wamevaa nguo zinazometameta kama maji. Nao wakipita, nyayo zao haziugusi mchanga. Mize akabaki kinywa wazi. Aliogopa, lakini macho hayakutaka kutazama pengine.

Akaja mzee mwenye ndevu nyeupe, amebeba sinia. "Karibu wali, Mize." Jina lake alilijuaje? Wali wa nazi, punje moja moja, na kuku wa kupaka juu yake. Tumbo la Mize likanguruma, maana tangu asubuhi hajatia kitu.

"Starehe, baba," akakataa kwa adabu. "Namtaka mwanangu."

Akaja mwanamke mrembo, mrembo kupita kiasi, na mkate wa kumimina, moto, asali inatiririka. "Karibu, Mize. Kwetu sisi mgeni hakatai. Kwani kwenu mmefunzwa vipi?"

Loo! Maneno yalimchoma. Mize alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkono ukainuka wenyewe. Akaushika kwa mkono wa pili, akaurudisha chini.

"Starehe, dada. Namtaka mwanangu."

Basi wale watu wakapisha, huku na huku, na katikati akatokea Zuwena. Amevikwa hariri, ameshika tonge la wali. Akamtazama mama yake kama anavyotazamwa mpita njia.

"Karibu, bibi mgeni. Onja japo tonge moja. Kukataa ni kumdharau mwenye nyumba."

"Zuwena! Mimi ni mama yako!"

"Mama yangu ndiye aliyenifunza hivi."

"Anaitwa nani huyo mama yako?"

Mtoto akafikiri. Akafikiri tena. Hakukumbuka. Akanyanyua tonge mpaka kwenye midomo ya Mize. "Kula basi."

Semeni nyinyi wenye watoto: tonge la mkono wa mwanao, unalikataaje? Midomo ya Mize ilianza kufunguka. Kisha akaupiga ule mkono, pa! Tonge likaanguka mchangani.

Zuwena hajawahi kupigwa na mtu. Akaangua kilio, kilio cha kwikwi, na majini wote wakarudi nyuma, maana humo hajapata kulia mtu tangu dunia iumbwe. Machozi yakateremka mashavuni, yakaingia mdomoni. Na machozi yana chumvi. Majini hawali chumvi, wala aliyeionja hawawezi kumshika.

"Mama?" Zuwena akasema. "Mama Mize, mbona umenipiga?"

Mize akamnyakua, akamtia ubavuni, akakimbia. Majini hawakuwafukuza. Waliita tu, taratibu, kwa sauti tamu kuliko zote alizowahi kuzisikia: "Karibuni... karibuni..." Wakatoka nje jua limebaki ukucha. Nyuma yao mlango ukajifunga kimya, kama haujapata kuwapo.

Ndipo Mize akakaa chini na mwanawe, akamlilia kifuani, akamwambia, "Mwanangu, nilikufunza nusu. Akikukaribisha usiyemjua, sema starehe, upite. Akinuna, mwache anune."

Basi na nyinyi, mmesikia? Adabu ni nzuri, lakini si ya kumpa kila mtu. Na wazazi, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ngano yangu naifunika hapa kama chungu. Aliyeshiba akalale, na asiyeshiba asiende kuomba pangoni.