Barua ya Mwantumu Msusi

"Barua si hukumu." Mmeisikia leo sokoni, na sasa mwataka kujua ilikotoka. Basi tulieni, wanangu. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Korogwe, katika saluni ya Mwantumu Mhina.

Mwantumu alikuwa msusi, na wateja wake aliwaachia watumie intaneti yake bure. Siku moja akaletewa barua ya mawakili wa mjini. Ilisema laini yake ya intaneti imetumika kusambaza filamu ya uchi bila idhini ya kampuni inayoimiliki. Alipe laki nane ndani ya siku kumi, la sivyo atashtakiwa.

Filamu yenyewe hakuwahi hata kuisikia, lakini mumewe ndiye muadhini wa msikiti. Watu wangesemaje? Shoga yake Hidaya, aliyepata barua kama hiyo, alimnong'oneza, "Mimi nimeshalipa. Heri hasara kuliko aibu."

Mwantumu akaenda moja kwa moja kwa mumewe, akampa barua. Muadhini aliisoma mara mbili.

"Umefanya?"

"Sikufanya."

"Basi usilipe."

Mwantumu akawajibu mawakili kwa mstari mmoja: Sikufanya, nishtakini. Zikaja barua nyingine tatu, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Naye hakutoa hata senti. Mwisho wakamshtaki kweli, wakidhani akiiona mahakama atanywea.

Siku ya kesi, wakili wao alipomwona amekaa pale mbele, ametulia, akasimama upesi kuomba kesi iondolewe. Mwantumu naye akanyanyuka.

"Mheshimiwa, wamenidhalilisha kwa barua nne. Naomba waonyeshe ushahidi mbele ya watu hawa."

Hakimu akamgeukia wakili. "Unajuaje kuwa ni yeye?"

"Laini ni yake, Mheshimiwa."

"Nimekuuliza mtu, sikukuuliza laini."

Wakili akafunua faili, akalifunga. Kesi ikatupwa.

Nje, Hidaya alimshika shoga yake mkono huku machozi yakimtoka. "Nami sikufanya, Mwantumu. Nililipa kwa woga tu."

"Najua. Futa machozi, twende ukadai haki yako. Barua si hukumu, ndugu yangu."

Wakarudi ndani pamoja, na nyuma yao wakafuata wengine waliokuja kusikiliza kesi, ambao nao walikuwa wamelipa kimyakimya, hata wanaume wazima. Tangu siku hiyo, mtu wa hapa akitishwa kwa karatasi, hajifichi wala hakimbilii kulipa. Huuliza kwanza: ushahidi uko wapi? Kwani barua si hukumu.