Njiwa wa Keith

Kilicho chako, hata kikiwa kikuukuu, usikitupe kwa kutamani kipya kinachokupitia mlangoni. Wauza vipya hawaipendi methali yenye maana hiyo, na sababu wanazo.

Noreen Hague, mjane wa mchimba makaa, aliishi katika mji mmoja wa migodi huko Yorkshire, kwenye safu ya nyumba zilizosimama bega kwa bega kama watu waliokataa kusukumwa. Nyumba yake ilikuwa na unyevu ukutani na ngazi kali iliyoyatesa magoti yake. Ndiyo maana siku hiyo alimkaribisha mezani Tamsin, binti wa kampuni ya ujenzi, akampa chai, akapokea kalamu yake.

"Tunabadilishana tu, mama," Tamsin alisema kwa sauti ya asali. "Sisi tunaichukua hii, wewe unaingia kwenye mpya kule mlimani. Hakuna dalali, hakuna kungoja mnunuzi. Ila ofa inaisha leo."

"Leo leo? Kwani hiyo nyumba ina miguu?"

Tamsin alicheka. Noreen aliinamia karatasi, moyo wake ukiwa umeshahamia mlimani. Mara kwenye uchochoro wa nyuma kukasikika mluzi na mtikiso wa kopo la mahindi. Akatoka kutazama.

Alikuwa Keith, jirani yake wa zamani. Miezi michache nyuma aliikabidhi kampuni hiyohiyo nyumba yake, iliyopakana na ya Noreen, akapewa mpya kule mlimani. Sasa alikuwa amekodolea macho paa lililokuwa lake. Njiwa wake wa mashindano ya kuruka walijipanga juu yake kama wenye hati.

"Tena, Keith?"

"Kila nikiwafungulia, dada. Nimewajengea banda kubwa, nawalisha mahindi ya bei mbaya. Wanapaa, wananizunguka, haoo, wanarudi huku."

"We umefuga njiwa tangu hujaota ndevu. Hukujua kwamba njiwa aliyekomaa hahamishiki?"

"Nilijua. Nilidhani wangu watanionea huruma."

"Na wewe mwenyewe, umezoea?"

Keith alilitazama kopo lake. "Kwenye nyumba ya maonyesho, ile wanayokutembeza kabla hujasaini, waliweka kitanda kifupi ili chumba kionekane kipana. Changu kimegoma kuingia. Nikipigilia msumari, jirani ananiuliza kama nabisha hodi."

"Si urudi!"

"Kwa kipi? Yangu waliichukua kwa bei ya kutupa, wakapaka mlango rangi, wakaiuza kwa bei nisiyoiweza."

Damu ya Noreen ilichemka. Mgodi ulipofungwa, walikuja watu wenye kalamu nzuri kama ile, wakaahidi kazi mpya zilizo bora kuliko za zamani. Za zamani zikaondoka. Mpya ziko njiani hadi leo. Watu haohao walisema hata nyumba hizi ni vifusi. Yeye na mumewe wakaziba masikio, wakanunua yao.

Akarudi mezani. "Chukua kalamu yako, binti."

"Lakini mama, magoti yako..."

"Kitanda kitashuka sebuleni, na kitaingia. Unyevu una dawa. Nikitaka kuuza, nitauza mwenyewe, siku niipendayo. Maliza chai, usije ukasema nimekufukuza."

Tamsin alipokwisha ondoka, Noreen alifungua lango la uani. "We Keith! Hilo banda lako lilete hapa."

"Kweli, dada?"

"Kodi yake utautibu huo ukuta. Na usinipigie mluzi asubuhi."

Jumapili banda lilisimama uani. Keith alitikisa kopo. Njiwa walichungulia kutoka paa la nyumba yake ya zamani, wakasitasita, kisha wakateremka mmoja baada ya mwingine, wakaingia.

"Wao wamefika kwao," Keith alisema polepole. "Mimi jioni napanda mlima."

Noreen hakumcheka. Aliuegemeza mgongo wake kwenye ukuta wa nyumba yake, mnene, wenye unyevu, usiotikisika. Hukumu ilikuwa imekwisha tolewa: usiache mbachao kwa msala upitao.